Kupima Mabadiliko ya Ramani ya Lugha: Mfano wa Mpanda na Katavi

Makala haya yanajadili swali moja la mbinu: mtafiti wa jiografia ya lugha atajuaje kwamba mpaka wa lugha umehama, na si kwamba ramani ndiyo iliyobadilika? Eneo la Mpanda linafaa kwa mjadala huu kwa kuwa mambo yote mawili yametokea humo.

Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora hadi katikati ya miaka ya 1970, ilipounganishwa na Sumbawanga kuunda Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 ikatengwa kuwa kiini cha Mkoa wa Katavi. Kwa hiyo idadi ya wasemaji wa Kipimbwe “katika Rukwa”, ikichukuliwa kutoka Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009), haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na takwimu za kabla au za baada yake. Njia iliyo salama ni kuchukua kizio kidogo, yaani kata au kijiji, kufuatilia nasaba yake, na kuirejesha kila kata iliyogawanywa kwa kata mama kabla ya kulinganisha. Undani fulani hupotea, lakini ulinganishi huwa wa haki. Sensa ya mwaka 1967, ambayo ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila, nayo itumike kwa hadhari: aliyejiandikisha kuwa Mbende huenda nyumbani alisema Kiswahili tu.

Tatizo la pili ni umbo la mabadiliko yenyewe. Uainishaji wa Guthrie uliweka Kitongwe na Kibende katika kanda F, Kipimbwe na Kifipa katika kanda M, kana kwamba mstari mmoja ungetosha kuzitenga. Lakini reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi, ilileta wasemaji wa lugha nyingi mahali pamoja. Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, yalikiweka Kirundi kama kisiwa. (Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu mno, katika Mishamo sikio la mgeni halitenganishi upesi mzungumzaji wa asili ya Kigoma na yule wa asili ya Burundi.) Wafugaji wa Kisukuma, kwa upande wao, hawakuja kama kisiwa wala kama mstari: walitawanyika na mifugo yao, wakajenga mbali na vituo vya vijiji. Mtafiti anayehoji watu wa kituoni peke yao atakipaka kijiji chote rangi ya Kipimbwe, ilhali malishoni husikika Kisukuma. Ramani ya rangi haifai hapa. Inayofaa ni ramani ya nukta, kila nukta ikionesha uwiano wa lugha za kaya zilizohojiwa.

Uwiano nao hupotosha ukisimama peke yake. Sensa ilihesabu watu 564,604 katika Katavi mwaka 2012 na 1,152,958 mwaka 2022. Katika ongezeko la namna hiyo, fungu la wasemaji wa lugha ndogo laweza kupungua kwa nusu bila msemaji hata mmoja kupotea. Anayesoma fungu tu atatangaza kifo cha lugha iliyo hai. Anayesoma idadi tu atatangaza uzima, hata pale ambapo watoto hawajifunzi lugha ya bibi zao. Kosa hili la pili ndilo la hatari zaidi, maana hugunduliwa wakati wazee wameshakwisha.

Ndiyo sababu kipimo cha tatu, yaani rika, hakiepukiki: babu, mzazi na mjukuu wa boma moja wahojiwe kwa maneno yale yale. Hata hivyo, tofauti ya rika si lazima iwe mabadiliko. Kijana anayejibu kwa Kiswahili leo huenda akairudia lugha ya nyumbani atakapokuwa na kaya yake. Kulipambanua hili kunahitaji kurudi Usevya au Inyonga baada ya miaka kumi au ishirini, kwa kaya zile zile, na daftari la mwanzo likiwa bado linasomeka.