Kodi ya Jengo Ndani ya LUKU: Deni la Mwenye Nyumba au la Mpangaji?



Katika darsa za baada ya Alasiri huku Masasi na Newala, swali la kodi ya jengo limekuwa likirudi tangu mwaka 2021, na kila linaporudi hugeuka mabishano. Mmoja atasema kodi zote ni maks, na mwenye kutoza maks amekemewa vikali katika Hadithi. Mwengine atasema sisi Waislamu tunatoa Zaka, basi inatosha. Wa tatu hanyanyui sauti, naye ndiye mwenye haki ya kulalamika kuliko wote. Huyu ni mpangaji wa chumba kimoja, aliyenunua umeme mwanzo wa mwezi akakatwa fedha kwa ajili ya nyumba isiyokuwa yake. Makala haya yanamhusu huyu wa tatu, lakini hatuwezi kumfikia bila ya kuwajibu wale wawili kwanza.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Kodi ya majengo si ngeni katika miji ya Tanzania. Sheria yake kwa mamlaka za miji ni ya mwaka 1983. Kilichobadilika mwezi wa Agosti 2021 ni njia ya kuikusanya. Kuanzia hapo ilikatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Mwezi wa Julai 2023 kiwango kilipanda kikawa shilingi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Makato hutoka katika ununuzi wa kwanza wa mwezi. Hapo ndipo penye fundo: mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua aliyenunua umeme.

Wazee wetu wa nyanda za Makonde hawakulijua neno kodi katika hali ya kheri. Wajerumani waliweka kodi ya vibanda mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Mwenye wake wawili, kila mmoja na kibanda chake, alilipa mara mbili. Kodi hiyo, pamoja na kulazimishwa kulima pamba, ni katika sababu zilizowasha moto wa Majimaji, ambao mwaka 1905 ulifika hadi Masasi. Waingereza nao wakaja na sheria yao ya kodi ya vibanda na vichwa mwaka 1922. Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliondolewa mwaka 1969, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, kisha ikafutwa mwaka 2003. Ongeza hapo makato ya korosho ambayo kila mkulima huyasoma katika karatasi yake ya malipo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia mwaka 2007. Basi mtu wa Newala akisikia kodi mpya, masikio yake yanasikia pia zile za zamani. Hilo ni jambo la kueleweka, lakini kueleweka si hoja ya kisheria.

Tuje kwa anayesema Zaka inatosha. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na kwa kauli ya jumhuri ya Maulamaa haitolewi nje ya hayo kwa kujenga barabara au kuvuta mabomba. Sasa nani atavuta maji kupandisha Newala? Watu wa nyanda hizi wanajua tabu hiyo kuliko wengine, kwani ardhi yetu ya mchanga hunywa mvua yote, na mama zetu waliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo vichwani. Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, umetaka fedha tangu siku hiyo hadi leo. Maslaha ya namna hii Mafakihi wameyaweka katika fardhi kifaya, ambayo ikiachwa na wote, wote wenye uwezo wanapata dhambi.

Na anayesema kila kodi ni maks, tunamwambia kwamba Maulamaa walipambanua. Imam al-Ghazali, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafii, alijuzisha kiongozi kuwatoza matajiri pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ikawa ya kweli. Lakini waliweka masharti, na masharti hayo hayakuwa ya mapambo. Sultan Qutuz wa Misri alipotaka fedha za raia ili kuwakabili Wamongolia, kabla ya vita vya Ain Jalut mwaka 1260, Sheikh Izzud-Din bin Abdis-Salaam alimjibu kwamba hilo linafaa baada ya maamiri kutoa dhahabu na mapambo yao, hata kila mmoja abakie na farasi wake na silaha yake sawa na raia. Ndugu msomaji, litazame sharti hilo vizuri. Raia anadaiwa, na mtawala anadaiwa kabla yake.

Uadilifu wa kiwango nao una asili. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokataa kuigawa ardhi ya Sawad ya Iraq kwa askari, akaiacha mikononi mwa wenyeji na kuiwekea kharaji ili vizazi vya baadaye navyo vipate fungu, hakuweka kiwango kimoja kwa kila shamba. Alimtuma Uthman bin Hunaif na Hudhaifa bin al-Yaman (R.A.) wakapime, na zabibu ikawa na kiwango chake, ngano chake, shayiri chake. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba siku chache kabla ya kuchomwa kisu aliwauliza wote wawili kama hawakuitwisha ardhi mzigo isiouweza. Kwa kipimo hicho, kiwango cha sasa kina kasoro. Nyumba ya vyumba kumi yenye uzio na vigae inalipa sawa na nyumba ya vyumba viwili ya mjane pale Masasi, maadamu zote si ghorofa. Faida yake ni wepesi, kwani hapana mthamini wa kupita na daftari, na penye mthamini hapakosi mwanya wa rushwa. Fedha yenyewe si nyingi: kwa bei ya shilingi 3,300 ambayo Serikali ilinunulia korosho mwaka 2018, kodi ya mwaka mzima haifiki kilo sita. Kwa maoni yangu wepesi huo unavumilika. Kinachonisumbua ni kumtoza asiyedaiwa.

Na sasa tumefika kwa mpangaji. Al-Mawardi katika al-Ahkam as-Sultaniyya ameeleza kwamba ardhi ya kharaji ikikodishwa, kharaji yake ni juu ya mwenye ardhi na si juu ya aliyekodi, na katika hili Imam Abu Hanifa hakuhitilafiana na Imam Shafii. Hitilafu ipo katika ardhi iliyoazimwa bure. Kwetu sisi bado ni juu ya mwenyewe, na kwa Abu Hanifa ni juu ya aliyeazima. Mas-ala haya ya pili yanatugusa pia, kwani nyumba nyingi za Masasi na Newala wenyewe wako Dar es Salaam, na ndani anakaa mpwa au shangazi asiyelipa kitu. Kwa madhehebu yetu kodi ya nyumba hiyo ni deni la aliyeko Dar es Salaam, ingawa mpwa akijitolea kwa ridhaa yake ni ihsani.

Kodi ya jengo inafanana na kharaji katika illa: zote zimefungamana na umiliki wa kitu kisichohamishika, si na matumizi yake. Na katika Minhaj, kitabu ambacho kila mwanafunzi wetu amekipitia, Imam an-Nawawi ameweka matengenezo ya nyumba juu ya mwenye nyumba, hata kuondoa theluji juu ya dari (sisi wa Newala tusome hilo kwa tabasamu), na mpangaji akabakishiwa kufagia taka zake. Kwa hiyo zile 1,500 mpangaji amemlipia mwenye nyumba deni lake. Sheria ya nchi nayo imemwekea mwenye nyumba kodi hii, na Serikali ilipoanza utaratibu huu iliwaelekeza wapangaji wakubaliane na wenye nyumba juu ya kurudishiwa. Mwenye nyumba anayenyamaza kwa kuwa mita imemtangulia, ajiulize juu ya aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayokataza kula mali baina yetu kwa batili.

Je, wakishartiana katika mkataba kwamba mpangaji ndiye atakayelipa? Ikiwa kiasi kinajulikana, shilingi 1,500 kwa mwezi, hiyo ni sehemu ya kodi ya pango na inasihi. Ikiwa sharti ni kulipa chochote kitakachokatwa, hapo pana ujinga wa thamani, na an-Nawawi amebatilisha ijara ya nyumba ambayo malipo yake ni kuitengeneza, kwa sababu hiyo hiyo. Waliokubaliana mwaka 2022 kwa shilingi 1,000 waliona wenyewe Julai 2023. Njia salama ni kutaja kiasi, na nyongeza ikija irudi kwa mwenye nyumba mpaka mkataba mpya.

Nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja ina tabu zaidi, kwani anayekatwa ni yule aliyetangulia kununua. Nimesikia watu wakiviziana gizani kila mwanzo wa mwezi, kila mmoja akingoja mwenzake anunue. Mwenye nyumba anaweza kuumaliza ugomvi huo kwa kununua yeye mwenyewe umeme wa kwanza wa mwezi, au kwa kupunguza kodi ya pango ya yule aliyekatwa.

Maimamu wajue pia kwamba jengo linalotumika kwa ibada limesamehewa kodi hii, na vivyo hivyo nyumba za udongo na za nyasi za kuishi. Mzee wa miaka sitini na kuendelea, asiye na kipato, naye ana msamaha kwa nyumba anayoishi. Mita haijui umri wa mtu, basi wenye haki hiyo wasaidiwe kufika TRA kuomba waondolewe makato. Ama nyumba ya wakfu iliyopangishwa, ambayo pango lake ndilo posho la mwalimu wa madrasa, haiingii katika msamaha wa msikiti kwa kuwa tu ni ya msikiti. Nadhiri atoe kodi yake katika pango lenyewe kabla ya kugawa, kama anavyoanza na matengenezo ya wakfu, na asimwachie mpangaji wala mfuko wa mwalimu.