Kinu Kikifungwa, Livu ni ya Nani?



Mwezi wa Julai 2023 serikali ya Kenya, kwa njia ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula, iliamuru vinu vya sukari visimame kusaga. Miwa iliyokomaa ilikuwa haba na viwanda vilikuwa vikigombania hata miwa michanga, basi amri ikatoka kwamba visimame kwa miezi minne hivi ili miwa ipate kukua. Wakulima walilalamika, wenye viwanda wakalalamika, na magazeti yakaandika mengi juu ya bei ya sukari dukani. Juu ya mtu anayesimama kwenye mitambo usiku na mchana yaliandikwa machache.

Siku chache baadaye alitujia mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lunyo, Busia ya upande wa Uganda, ambaye kazi yake ni katika kinu kimoja upande wa Kenya. Jina lake hatutalitaja wala la kiwanda chake, kwa maana bado anapata chakula cha watoto pale. Mkononi alikuwa na karatasi ya mistari mitatu: kuanzia kesho uko livu, siku zako 21 zinahesabiwa, utaitwa kazi ikirudi. Chini palikuwa na nafasi ya saini, na nyapara alikuwa amemwambia aitie pale pale getini.

Anayeijua Lunyo anajua kwamba watu wa kule hutegemea jembe, na wengine ziwa. Mvua za mwezi wa tatu zikianza, kila mwenye mikono yuko shambani. Mwenzetu alikuwa ameomba livu tangu Februari, kwa barua, aende kupanda mahindi na mtama. Akajibiwa kwa mdomo tu kwamba mitambo inataka watu. Akangoja. Sasa ni Julai, mkewe amelima na kupalilia peke yake, mahindi yamekwisha kukomaa, ndipo anapewa livu asiyoiomba. Akatuuliza: "Na mwakani mwezi wa tatu nitakwenda na siku zipi?"

Tuanze na jambo ambalo wanachama wengi hawapendi kulisikia. Hakuna sheria, Kenya wala Uganda, inayompa mfanyakazi ruhusa ya kujichagulia tarehe ya livu peke yake. Kiwanda hakiwezi kuendeshwa ikiwa mafundi wote wa boila wameondoka juma moja. Mwajiri ana haki ya kupanga. Lakini kupanga ni jambo moja, na kuamrisha ni jambo jingine. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba likizo itachukuliwa wakati ambao pande mbili zimekubaliana. Kwa upande wa Kenya uko Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, uliopitishwa mwaka 1970 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1979. Huo unasema kwamba, ikiwa wakati wa likizo haukuwekwa na kanuni au na mapatano ya pamoja, mwajiri ataupanga baada ya kushauriana na mfanyakazi au na wawakilishi wake, akiangalia mahitaji ya kazi na pia nafasi ya mfanyakazi kupumzika. Kuletewa karatasi getini jioni si kushauriana.

Sasa tazameni zile siku 21. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, kwa kila miezi 12 ya kazi, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Tunarudia: siku za kazi. Jumapili, ikiwa ndiyo siku yako ya kupumzika, haimo. Sikukuu ya taifa haimo. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa juma, livu yake ni majuma matatu na nusu, si matatu. Mwenzetu alikuwa amehesabiwa na Jumapili zake zote! Makarani wengine hufanya hivyo kwa kutojua, wengine wanajua sana. Chukueni kalenda mhesabu wenyewe.

Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri anaweza kuigawa likizo vipande ikiwa mfanyakazi amekubali, na kwamba, isipokuwa kama mmepatana vingine, kipande kimoja kiwe majuma mawili ya kazi yasiyokatwa. Kipande hicho kichukuliwe ndani ya ile miezi 12. Kilichobaki kichukuliwe kabla ya miezi 18 kupita tangu mwaka huo wa likizo ulipokwisha. Kwa hiyo anayekuambia Desemba kwamba siku zako zilizobaki zimekufa na mwaka, mwombe akuonyeshe zimeandikwa wapi kuwa zimekufa.

Halafu kuna hesabu nyingine ambayo karatasi ile haikuigusa. Kinu kinafungwa miezi minne. Livu ni siku 21. Je, baada ya siku hizo kwisha, mtu yuko wapi? "Utaitwa kazi ikirudi" maana yake ni likizo bila malipo, na likizo ya namna hiyo haipatikani kwa mwajiri kusema peke yake. Ni kubadilisha masharti ya kazi, na Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kuyabadilisha na ampe mabadiliko hayo kwa maandishi. Na kama kazi imekwisha kweli, iko njia ya kupunguza wafanyakazi: chama na ofisa wa kazi wapewe taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, kila mtu alipwe siku 15 au zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumika, na livu anayodai ilipwe kwa fedha. Njia hiyo ina gharama. Ndiyo sababu wengine hupenda kuiita livu.

Kwa wenzetu wa viwanda na mashamba ya Tororo na Busia ya Uganda, hesabu ni siku saba kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani 21 kwa mwaka, kwa mtu aliyetimiza miezi sita na anayefanya kazi saa 16 au zaidi kwa juma. Tena huko kuuza livu ni bure: mapatano yoyote ya kuiacha likizo ya chini ya sheria, hata kwa kulipwa, hayana nguvu.

Vibarua nao wasijitoe. Kwa sheria ya Kenya, kibarua aliyetumika miezi miwili au zaidi anaweza kudai masharti kama ya aliyeandikwa, livu ikiwamo. Na wanaovuka mpaka wajue kwamba anayefanya kazi Kenya analindwa na sheria ya Kenya, awe wa Lunyo au wa Nambale. Hiyo ya 2007 inakataza ubaguzi kwa sababu ya taifa la mtu.

Turudi kwa mwenzetu. Hakukataa karatasi, maana kukataa kupokea kungeitwa ukaidi. Aliandika chini yake kwa kalamu: "Nimepokea, sikukubali," akatia tarehe, akabaki na nakala. Mwakilishi wetu akaingia kwa meneja na kopi ya ile barua ya Februari. Barua hiyo ilifanya kazi kuliko maneno yetu yote. Sheria inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za likizo za kila mtu, na kiwanda hakikuwa na jibu lolote la maandishi kwa ombi lake.

Palipatikana hivi: majuma mawili, yaani siku 12 za kazi, zikahesabiwa kuwa livu, siku tisa zikawekwa kwa mwezi wa tatu, kwa barua yenye muhuri. Kwa majuma yaliyobaki tulidai mshahara kamili tukapata nusu, na hatusemi kwamba tuliridhika. Machi 2024 alikuwa Lunyo mvua ilipoanza.

Kinu husimama pia kila mwaka kwa matengenezo. Mkutano wa mapatano ya pamoja ukifika, waambieni wawakilishi wenu waweke mle ndani ni siku ngapi za livu zinaweza kuliwa na matengenezo, na taarifa itolewe siku ngapi mbele. Mwenye dai la zamani asikawie: Kenya dai la kazi hufungwa baada ya miaka mitatu, na kwa dhuluma iliyokuwa ikiendelea, miezi 12 tangu ilipokoma. Leteni barua zenu ofisini, hata zilizokunjika.