Gati la Mombasa, Kingo za Korogocho

English Point Marina, Mombasa, ni jumba la kifahari linalotazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji, nalo lina gati lake la boti. Kupanga gati la namna hiyo huanza na bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo sakafu ya gati huelea, ikiteleza juu na chini kwenye nguzo zilizochimbiwa ardhini. Boti haining'inii maji yakipwa, wala haigongi ukuta yakijaa.

Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nayo ina kingo zake, ila ni za mto.

Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita Gikomba hadi Korogocho na Dandora, ukibeba majitaka na plastiki. Hapa maji hayana ratiba. Aprili 2024, Mto Mathare, tawi la Mto Nairobi, ulifurika usiku, nyumba za mabati zikasombwa na watu wakafa. Mwezi uliofuata, serikali iliamuru wakazi walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakabomoa nyumba zao. Mpango wa kufufua Mto Nairobi, uliozinduliwa Machi 2025, unaahidi mabomba ya majitaka na nyumba mpya. Waliobomolewa wanastahili kupangiwa kwanza.