Timu ya Safari na Ligi ya Madarasa

Kila kijana wa hapa Nengo huota kucheza katika Uwanja wa Umuganda, Rubavu, palipochezwa mechi za CHAN mwaka 2016. Shuleni tuna njia mbili za kandanda. Timu ya shule huchaguliwa na husafiri; ikishinda wilayani na kisha nchini, huweza kufika mashindano ya shule za Afrika Mashariki, kama yale ya Huye mwaka 2023. Ligi ya madarasa haisafiri, ila kila apendaye hucheza.

Safari ina faida: mchezaji hukutana na waliomzidi. Lakini nauli na chakula ni gharama, na uwanjani huingia kumi na mmoja tu. Mimi niliachwa miaka miwili. Katika ligi nilijifunza kulinda lango, na mwaka huu nimechaguliwa. Kama ligi ingalifutwa ili kulipia nauli, kama wengine walivyotaka, nisingalionekana.

Kwa hiyo, ndugu mliotutangulia, mkituletea msaada ugawanyeni: timu ipate nauli, madarasa yapate mipira. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.