Taya la Chini ni Mfupa Mmoja

Wazazi wenye vijana katika vyuo vya utabibu huuliza: vitabu vimejaa, ya nini mtoto kuwekewa mifupa mbele yake? Jawabu limo katika kisa cha taya.

Fuvu la binadamu lina mifupa 22. Minane huhifadhi ubongo, 14 huunda uso. Katika yote hiyo, unaojongea ni mmoja tu, nao ni taya la chini. Jalinusi, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2 Miladia, aliandika kuwa taya hilo ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Yeye alipasua kima, nguruwe na wanyama wengineo, si maiti za watu. Kauli yake ikapokewa na matabibu kwa zaidi ya miaka elfu.

Mwaka 596 Hijria, yaani 1200 Miladia, Nile haikufurika ipasavyo na Misri ikaingiwa na njaa kubwa. Abdul-Latif al-Baghdadi alikuwa Kairo akisomesha. Akapata habari ya kilima cha mifupa ya wafu huko Maks, akaenda pamoja na wanafunzi wake. Walitazama mafuvu zaidi ya 2,000, wala hawakuona mshono kidevuni. Hakutosheka, akakagua makaburi ya kale ya Busir, huenda mshono hudhihiri mfupa ukichakaa. Haukuwako. Ndipo akaandika, pasi na kumvunjia Jalinusi heshima, kwamba jicho ni shahidi mkweli zaidi. Adabu hiyo yanipendeza mno.

Tena Jalinusi hakupotea kabisa. Mtoto huzaliwa na taya la vipande viwili, navyo hushikana katika mwaka wake wa kwanza. Na mama aliyepika supu ya kichwa cha mbuzi ajua jinsi taya lile linavyoachana katikati.

Basi, kwa kuwa taya letu ni mfupa mmoja ulioshikwa pande mbili, mbele ya masikio, pigo la kidevuni husafiri. Mtoto huanguka, kidevu kikachubuka kidogo tu, kumbe mfupa umevunjika karibu na sikio. Mwambie afumbue kinywa taratibu. Kikienda upande, au meno yasipokutana kama desturi, au akilia ukimgusa mbele ya sikio, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hapo ndipo taya la mtoto linapokulia, na jeraha likipuuzwa laweza kukua limepinda, au likakataa kufunguka.