Nyungu ya plomb inaziba: usigonge, ngojea

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu kisha posti tunayeyusha plomb kwa nyungu ya umeme, tunatengeneza vizito vya nyavu kwa wavuvi wa Kasenga. Robine ya chini ikiziba, kijana anachukua nyundo. Apana!

Plomb inayeyuka kwa digri 327. Robine iko inje ya nyungu, njo inapoa mbele. Ongeza moto, ngojea. Weka kopo kavu chini, shika waya kwa pensi ndefu, chokonoa ukisimama pembeni. Ikiziba tena, ni uchafu ule wa juu: ukikwaruza nyungu, unashuka mpaka kwa tundu. Plomb chafu uiyeyushe kwanza katika nyungu ingine, utoe uchafu na kijiko kikavu. Maji hata tone moja, plomb itaruka usoni.

Lakini vumbi ya ule uchafu ni sumu. Kule Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 sababu ya plomb ya batri za zamani. Kazi hii isifanyike parseli, karibu na mama na watoto. Tuombe patron kipande cha atelye, sabuni na maski. Na manguo ya kazi yabaki kazini.