Marekani: Koko mwenye sukari, mtoto mwenye SS, na vakansi ambayo familia za Wakongomani huahirisha kila mwaka

Katika nyumba nyingi za Wakongomani wanaoishi Texas, vakansi ya watoto huanza kwa maneno na kuishia kwa maneno. Watoto wameona kwenye simu zile bustani kubwa za michezo, wanataka kwenda. Baba anahesabu dola. Kisha mtu anauliza: na koko je? Koko ana tansio na sukari, na magoti hayamfikishi hata mwisho wa mtaa. Yule mtoto wa pili naye, mwenye SS, ametoka hospitali mwezi uliopita tu. Jibu linajulikana mapema: tungoje kwanza wapate nafuu.

Lakini sukari ya koko haitaisha kabla ya mwezi wa saba, na kwa wagonjwa walio wengi SS ni ugonjwa wa maisha yote. Kungoja mpaka wote wawe wazima ni namna ya upole ya kusema safari haipo. Swali lenye maana ni lingine: safari ya namna gani inawezekana na miili iliyopo, na itayarishwe vipi ili isigeuke kuwa usiku wa dharura katika hospitali ya mji usiojulikana?

Si swali la familia chache. Mwaka 2016 Kongo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na Texas ni kati ya majimbo yaliyopokea wengi. Wako Dallas, Fort Worth, Houston, hata Abilene, mji mdogo ambako Kiswahili cha Fizi na Uvira husikika dukani. Wengi wao walifika kama familia nzima, vizazi vitatu katika nyumba moja, baada ya miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu huko Kigoma. Wengine hawakubahatika. Tangu mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa mwezi wa kwanza 2025, kuna wakoko waliobaki kambini huku wajukuu wakikulia Marekani. Nyumba iliyo na koko wake mezani ina sababu moja zaidi ya kutomwacha nyuma siku ya kutembea.

Watu wa Texas wakisema bustani ya michezo, fikira hukimbilia Florida, kwa Walt Disney World. Ni mahali pa ajabu kweli, lakini kwa familia yenye mgonjwa si lazima pawe pa kwanza. Kutoka Dallas mpaka Orlando ni zaidi ya kilomita 1,500. Tena kuna jambo la bima ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Medicaid hutolewa na jimbo. Mtoto aliyeandikishwa Texas akiwa Florida, kwa kawaida hulipiwa matibabu ya dharura tu. Dawa iliyosahauliwa nyumbani, au kipimo cha damu kisicho cha dharura, vinaweza kuwa mzigo wa baba.

Karibu zaidi, ndani ya jimbo hilohilo, kuna Morgan's Wonderland katika mji wa San Antonio. Mji huo Wakongomani wanaujua: mwezi wa sita 2019 mamia ya waomba hifadhi kutoka Kongo na Angola walifika huko baada ya kuvuka mpaka wa Mexico, na wakuu wa mji wakatafuta haraka watu wanaosema Kifaransa. Wachache kati yao walijua kwamba wako karibu na bustani iliyojengwa kwa ajili ya watu ambao bustani nyingine huwasahau.

Mjenzi wake, Gordon Hartman, alikuwa mfanyabiashara wa nyumba. Binti yake Morgan ana ulemavu wa akili na wa mwili. Wakiwa vakansini, binti huyo alitaka kucheza na watoto waliokuwa ndani ya bwawa la kuogelea, nao wakatoka majini wakamwacha. Hartman aliuza kampuni zake mwaka 2005, na mwaka 2010 bustani ikafunguliwa kwenye eneo la hekta kama 10. Mtu mwenye ulemavu huingia bure. Kuna farasi wa kuzunguka ambao mwenye kiti cha magurudumu hupanda akiwa kitini pake, kuna bembea zilizotengenezwa kwa viti hivyo, na treni ndogo inayozunguka bustani nzima. Mwaka 2017 iliongezwa sehemu ya maji, na humo hutumika viti vya magurudumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyobanwa, kwa sababu kiti cha umeme kikiingia majini kimekufa.

Faida kubwa kwa koko ni ukubwa wa mahali. Hekta 10 mtu huzimaliza kwa siku moja akipumzika njiani. Katika Disney World ziko bustani nne, na mtu mzima mwenye afya anayezunguka moja tu kwa siku nzima huweza kutembea kilomita 10 na zaidi. Kwa mtu wa sukari hilo si uchovu peke yake. Miguu iliyopoteza hisia haisemi inapochubuka, na lengelenge la siku moja huweza kuwa kidonda cha miezi. Madaktari wa sukari hurudia jambo moja: safarini usivae viatu vipya, vaa vile mguu umekwisha kuvizoea, na utazame nyayo kila jioni. Mjukuu anaweza kumsaidia koko kutazama.

Wazee wengi hukataa kiti cha magurudumu. Kwao ni tangazo kwamba mtu amekwisha. Hapo familia inahitaji hekima, na kumwambia koko mbele ya watu wote kwamba hawezi kutembea ni njia ya hakika ya kumfanya abaki nyumbani kulinda funguo. Katika bustani hizi kiti hukodiwa mlangoni kwa siku, na wanaokitumia wamo hata vijana waliovunjika mguu. Koko anaweza kutembea asubuhi akiwa na nguvu, kiti kikabeba mifuko, kisha mchana kikambeba yeye. Ikiwa mazungumzo hayo yatafanywa na mtoto wake wa kwanza, au na mdogo wake anayeheshimiana naye, nafasi ya kukubali ni kubwa kuliko akiambiwa na mkwe.

Insulini inataka mpango wake. Isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia joto la chumba, lakini si joto la gari lililofungwa chini ya jua la Texas, ambalo huweza kupita nyuzi 50. Iwekwe ndani ya mfuko wa baridi wenye pakiti iliyogandishwa, ikiwa imezungushiwa kitambaa ili isiguse barafu, maana insulini iliyoganda hutupwa. Katika Disney World vituo vya huduma ya kwanza huweza kuhifadhi dawa za namna hiyo, na chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia, isipokuwa chupa za kioo na barafu isiyofungwa. Sombe na samaki vinapita. Kwa mtu anayepima sukari yake, vinapita pia vizuri kuliko viazi vya kukaanga na soda.

Mtoto mwenye SS ana hesabu nyingine. Ugonjwa huu, ambao Wakongomani wengi huujua kwa jina la drepanositozi, Kongo ni moja ya nchi zinazozaa watoto wengi wenye nao duniani. Maumivu huja seli za damu zinapojikunja na kuziba mishipa midogo, na vitu vinavyoyachochea vyote viko kwenye bustani ya michezo: jua, kukosa maji mwilini, kukimbia kupita kiasi, na zaidi ya yote kuruka ndani ya maji baridi mwili ukiwa na joto. Bwawa ambalo kwa ndugu zake ni raha, kwake laweza kuwa mwanzo wa usiku wa kilio.

Haina maana mtoto huyo akae pembeni kushika taulo za wengine. Uliza joto la maji kabla ya kukata tikiti, aingie polepole, akae muda mfupi, atoke akaushwe na avae nguo kavu papo hapo. Maji ya kunywa yasingoje kiu. Katika Disney World migahawa ya vyakula vya haraka hutoa vikombe vya maji bure kwa anayeomba, jambo ambalo wageni wengi hawalijui, wakanunua chupa kwa bei ya kuumiza. Mtoto ambaye bandama lake limevimba, daktari aulizwe kwanza kuhusu vigari vya kugongana. Na homa ikifika nyuzi 38.5, hakuna kungoja asubuhi: ni hospitali usiku huohuo, hata kama tikiti za kesho zimelipwa.

Wanaosafiri kwa ndege wakumbuke kwamba hewa ya ndani hufanana na ya mlima wenye mita 1,800 hadi 2,400, yaani juu kuliko mji wa Bukavu. Wengi wenye SS husafiri bila shida, lakini aliyetoka kwenye maumivu karibuni aonane na daktari wake kwanza. Dawa ikae ndani ya mfuko wa mkononi, si ndani ya sanduku linalopotea.

Dawa yenyewe isisimamishwe kwa sababu ya vakansi. Haidroksiurea, ambayo watoto wengi wenye SS hunywa kila siku, ilichunguzwa pia Kinshasa, pamoja na Luanda, Kilifi na Mbale, katika utafiti wa REACH. Matokeo yake yalitolewa mwishoni mwa 2018, yakiongozwa na daktari Mkongomani Léon Tshilolo: watoto walioinywa walipata maumivu machache zaidi, na vifo vilipungua.

Kabla ya yote hayo kuna siku ya daktari, na hapo familia nyingi huanguka kwa sababu ya lugha. Mtoto wa miaka 12 anayejua Kiingereza ndiye anayemtafsiria koko habari za figo na moyo. Si haki kwa mtoto, wala si salama kwa koko. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinapaswa kumpa mgonjwa mtafsiri bila malipo, na Kiswahili kinapatikana kwa simu. Aombwe wakati wa kupanga miadi, na aelezwe kama ni Kiswahili cha Kongo. Maswali ya kupeleka si mengi: dawa za siku ngapi za ziada zibebwe, michezo ipi imekatazwa, dalili ipi ni ya kukimbilia hospitali. Jibu liandikwe kwenye karatasi moja kwa Kiingereza, ikae mfukoni mwa mtu mzima. Vibao vya onyo mbele ya vigari vya kasi huwataja wenye tansio, moyo, shingo na mgongo, lakini havikuandikwa kwa Kiswahili.

Kuhusu mistari mirefu, Disney World ina mpango wa kuwasaidia wasioweza kusimama kwenye mstari wa kawaida. Tangu mwezi wa tano 2024 masharti yake yamebanwa, yakilenga zaidi wenye ulemavu wa ukuaji kama otizimu, na maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video kabla ya safari. Mwenye SS, ambaye kwa macho anaonekana mzima, asiende akidhani atapewa. Familia ipange kana kwamba haitapata: kuingia mlango unapofunguliwa, kutoka saa sita mchana, kulala, kurudi jioni jua likilegea. Siku tatu mfululizo za asubuhi hadi usiku ni kosa hata kwa wazima.

Iko pia njia ambayo familia nyingi haziijui kabisa. Kissimmee, karibu na Disney World, kuna kijiji kiitwacho Give Kids The World, ambako mtoto mgonjwa sana na familia yake hukaa wiki moja bila kulipa malazi, chakula wala tikiti. Kilianzishwa na Henri Landwirth, Myahudi mzaliwa wa Antwerp, Ubelgiji, aliyepona kambi ya Auschwitz, akafika Marekani bila mali, akawa mwenye hoteli. Mwaka 1986 aliombwa chumba kwa ajili ya msichana mdogo mwenye saratani ya damu aliyetamani kuona Disney. Chumba kilikuwepo. Mipango mingine ya safari ikachelewa, na msichana akafa kabla haijakamilika. Landwirth akaamua kwamba mtoto mwingine asikose kwa sababu ya makaratasi.

Familia haiombi kijijini moja kwa moja. Mtoto hupelekwa na mashirika yanayotimiza matakwa ya watoto wagonjwa, kama Make-A-Wish, ambalo huwapokea walio kati ya miaka miwili na nusu na 18. Mzazi anaweza kuanzisha ombi, daktari pia, hata mtoto mwenyewe. Ni hali ya ugonjwa wake, kwa maoni ya daktari anayemtibu, inayoamua kama anastahili. Kliniki kubwa za SS huwa na mfanyakazi wa kijamii anayejua fomu hizo. Akiulizwa leo, jibu linaweza kuchukua miezi, na huo ni muda wa kutosha kwa koko kuzoea viatu vyake.